Moshi Ndani ya Kibuyu

Kila asubuhi Selestini hukaa uani, kwenye kigoda, macho ameyafumba. Ni mkemia wa chuo kikuu, amekuja likizo Ngulyati kwa kaka yake, Mboje. Hana chupa wala mizani. Kazi yake ni kuwaza jinsi chembe ndogo zisizoonekana zinavyoshikana na kuachana.

"Mwangaluka, shemeji," humsalimu Nyanjige, mke wa Mboje. Jibu huja baadaye, kama linatoka mbali.

"Anasali au anapiga hesabu?" humuuliza mumewe.

"Hata yeye hajui," Mboje hucheka.

Jumamosi moja kibuyu cha maziwa kilipasuka. Kesho yake jumuiya ingesali kwa Nyanjige, na wageni walitegemea mtindi. Akachukua galoni tupu iliyowahi kuwa na dawa ya kuua wadudu wa pamba. Akaisugua kwa majivu na sabuni mpaka harufu ikaisha. Akajaza maziwa.

Selestini akaiona. "Shemeji, kuna aliyekunywa?"

"Bado. Galoni nimeiosha, na kesho tutayaombea."

Selestini akaokota kipande cha kibuyu, akampa. "Kinanukia nini?"

"Moshi. Si nilikifukiza?"

"Hukukiosha?"

"Kila siku! Unanionaje?"

"Basi moshi ulijificha wapi?"

Nyanjige akakinusa tena kile kipande. Akauona moshi akilini, umelala ndani ya kibuyu, ukiamka kila maziwa yanapoingia.

"Plastiki nayo hunywa sumu," Selestini alisema taratibu. "Maji hayaitoi yote. Mafuta ya maziwa huivuta, ikatoka kidogo kidogo. Huioni, huinusi, lakini ipo."

"Na maombi?"

"Mungu ndiye aliyezipa chembe tabia zake. Nitamwombaje azibadilishe, ili tu nisimwage maziwa?"

"Nitaaibika, shemeji."

"Utaaibika. Lakini watu watakuwa wazima."

Mboje akachimba shimo mbali na kisima na malisho, wakamwaga maziwa, wakafukia. Galoni wakaitoboa isitumike tena. Jumatatu wangemuuliza afisa ugani pa kuipeleka.

Jumapili wageni walikula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga.

"Mtindi umeunywa peke yako?" Generoza, jirani yake, alimtania.

Nyanjige akawaeleza habari ya moshi na ya galoni ya dawa. Kicheko cha Generoza kikakatika. "Mimi galoni yangu ya dawa nimewawekea watoto maji ya kunywa," alisema, akainuka. Hakungoja sala ya mwisho.

Wiki iliyofuata Nyanjige alikaa uani kando ya Selestini, akifukiza kibuyu kipya. Macho ameyafumba.

"Na wewe?" Mboje aliuliza. "Unasali au unapiga hesabu?"

"Nyamaza, baba Precious. Moshi unaingia."