King'ora Kilichonyamaza Ndivani

"…na king'ora hakikulia, mwanangu, hakikulia kabisa!"

Mama Asnath alikuwa ameung'ang'ania mkono wa Inspekta Veneranda kama mtu anayezama. Mbele yao, kwenye tope, mumewe Mzee Eliakimu alikuwa amelala kifudifudi. Ndiva ya chini, bwawa alilolilinda miaka yote, ilikuwa imepasuka asubuhi ile na kukibeba kibanda chake, yeye akiwa ndani.

"Pole sana, mama. Mbona hakufungulia maji mapema? Mvua si aliiona?"

"Zamani akiona wingu tu, anafungulia. Sasa tukaletewa mashine. Fundi wake, Clemence, akamwambia, mzee, bila king'ora usifungulie, utamwaga maji ya watu. Wewe lala."

Veneranda akatazama juu. Kule kulikuwa na ndiva nyingine, kubwa kuliko hii, na wingu jeusi lilikuwa limeukalia mlima.

"Nassoro, watu wote wa bondeni wapeleke kanisani. Sasa hivi."

Konstebo Nassoro aliporudi alikuwa anahema, simu mkononi. Alikuwa ametoka kuongea na mtaalamu wa kompyuta wa polisi.

"Afande, seva ya wilayani Same ilituma tahadhari. Kompyuta ya king'ora ikaipokea."

"Ikaipokea, ikanyamaza?"

"Eti ujumbe mfupi seva inautuma hivyohivyo. Mrefu inaubana kwanza kwa gzip, usilemee mtandao. Mvua ikichachamaa, vipimo vyote vya mvua vinaongea kwa mpigo, ujumbe unakuwa mrefu. Sasa hii programu yetu ya Java inaiambia seva kwamba inaweza kupokea uliobanwa, halafu sehemu ya kuufungua imetolewa. Ikiona mauzauza, inatupa."

"Kwa hiyo manyunyu yakija, kinalia. Mafuriko yakija, kimya."

"Ndiyo hivyo. Nywele zimenisimama, afande."

"Nywila ya programu anayo nani?"

"Clemence peke yake."

Veneranda hakumtia fundi huyo pingu. Alimwita kwenye kibanda kilichopo chini ya ukuta wa ndiva ya juu, akafunga mlango, akatia ufunguo mfukoni. Mvua ikaanza kupiga bati.

"Kaa, fundi. Tuna maongezi marefu."

"Hapa, afande? Twende ofisi ya kijiji basi, kuna chai."

"Hapa panatosha. Uligombana na marehemu?"

"Mimi? Mzee alikuwa rafiki yangu." Akachungulia dirishani. "Maji yanapanda."

"King'ora si kipo?"

"Kipo."

"Kinafanya kazi?"

"Ki… kinafanya."

"Basi tulia. Kikilia, tutatoka."

Ukuta wa udongo ukaguna. Maji ya tope yakaanza kupenya chini ya mlango. Veneranda akabaki ameketi, macho kwa fundi.

"Afande, fungua."

"Kikilia."

"Hakitalia!" Clemence alikuwa ameshasimama juu ya kiti. "Hakitalia, nakwambia. Sehemu ya kufungua ujumbe niliitoa mimi."

"Kwa nini?"

"Siku wageni walipokuja kuizindua mashine, programu ilikuwa inaganda kila ikifungua ujumbe mrefu. Nikakata ile sehemu. Tukajaribu kwa ujumbe mfupi, kikalia, watu wakapiga makofi. Mvua kubwa ya kwanza ilipokuja kikanyamaza, mzee akagundua. Akasema Ijumaa anasimama kwenye mkutano wa maji kunisema."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia nimeshatengeneza."

"Na ulijua mvua inakuja."

Akafunika uso. "Nilijua. Nilitaka maji yamkute kabla ya Ijumaa. Fundi wa chuo, naumbuliwa na mzee wa jembe. Mlima mzima ungenicheka."

Nje, Nassoro, aliyekuwa akijaribu kufungulia maji, akaita kwa sauti iliyokatika. "Afande, kizibo cha mlango wa maji kimekwama. Siwezi peke yangu."

Veneranda akafungua mlango. Maji yakawapiga magotini. Alimshika Clemence ukosi, akamsukumia kwenye mvua, kuelekea kwenye kizibo.

"Vuta na mwenzako."

"Kuna mengine sijayasema, afande. Nitakueleza kesho," Clemence akasema huku akivuta.

"Kesho," alisema Veneranda, huku akiushika mnyororo wa kizibo. "Tukiiona."