Dakika Tisa za Wakonyo

Saa nane na dakika thelathini na moja, Jumamosi mchana, Jeconia alishuka ngazi mbio hadi kwenye meza ya Mbinya katika kibanda kimoja cha nyama choma pale Kamakis.

"Afande, panda juu. Kuna kitu imeibwa."

"Nini?"

"Dakika tisa."

Mbinya alikuwa mpelelezi wa polisi, na siku hiyo ilikuwa yake ya mapumziko. Angecheka, ila Jeconia alikuwa jirani yake Ngoingwa kwa miaka sita na katika miaka hiyo yote hakuwa amewahi kumsikia akitania. Alinawa mikono, akapanda.

Chumba cha juu kilimkata pumzi. Juu ya meza mbili zilizounganishwa palikuwa na nchi nzima: vilima vya sponji, mto wa rangi na gundi, daraja la njiti za kiberiti. Pande zote mbili yalisimama majeshi ya watu wasiozidi kidole gumba. Mbinya aliinama, akaona vifungo vya shati, akaona nyusi. Mwanamke mmoja mwenye mkuki alikuwa na mwanya.

"Huyo ni landlady wangu," alisema msichana aliyekaa kando, macho mekundu. "Wote ni watu tunaopanga nao ploti moja Mwihoko. Nimewapaka rangi mimi."

Huyo ndiye Wakonyo. Mbinya alitamani kumuuliza brashi gani huweza kupaka mwanya, lakini kazi ilikuwa inangoja.

Jeconia, aliyekuwa refa, alimweleza. Mchezo huu wa vita vya mezani una raundi tano, na kila mchezaji ana dakika tisini zake. Katikati huwekwa saa yenye nyuso mbili. Ukimaliza zamu unabonyeza, za mwenzako zinaanza kuyoyoma. Zako zikiisha, umeshindwa, hata kama jeshi lako liko mlangoni kwa adui. Fainali ilikuwa kati ya Wakonyo na Mzee Kiama wa Thika, mwanzilishi wa klabu, ambaye ndiye aliyemfundisha. Saa saba kamili, baada ya raundi ya tatu, Jeconia alisimamisha saa ili watu wale. Zamu iliyofuata ilikuwa ya Wakonyo. Waliporudi mezani, Wakonyo alisema alikuwa ameacha dakika arobaini. Saa ilionyesha thelathini na moja.

"Nikamwambia saa haidanganyi, cheza," Jeconia alisema. "Raundi ya tano, katikati ya zamu yake, zikaisha. Hapo ndipo akatoa karatasi."

Karatasi ilikuwa na safu moja ya tarakimu, dakika zilizobaki kila raundi ilipoisha. Ya mwisho kabla ya chakula ilikuwa 40.

"Hiyo aliandika baadaye," Mzee Kiama alisema kwa upole kutoka dirishani. "Mimi simlaumu, ni mtoto. Lakini klabu haiwezi kulea mwongo."

Hilo ndilo lililokuwa hatarini. Saa tisa na nusu Jeconia alipaswa kutuma jina moja Kampala kwa mashindano ya kanda. Karatasi ikiwa ya uongo, Wakonyo angepoteza safari na kufukuzwa klabuni pia.

Mbinya alimgeukia. "Kwa nini unaandika?"

"Nagawanya, auntie. Kumi na nane kila raundi. Kumi za kusogeza, tano za kurusha dadu, tatu za kufikiria. Kufikiria nafanya wakati mwenzangu anacheza, kwa hivyo hizo tatu nabaki nazo."

Mbinya alishangaa kwa dhati. Yeye, mtu mzima mwenye cheo, hakuwahi kujua dakika zake huenda wapi. Akatazama simu: saa nane na arobaini. Alikuwa na dakika hamsini na mashahidi watatu. Aliamua kuwapa dakika sita sita, asizidishe hata moja.

Wa kwanza alikuwa Austine, fundi wa redio, mwenye saa ile.

"Unaweza kuifungua ukapunguza dakika?"

"Naweza, madam, lakini si hapa. Inataka bisibisi ndogo na meza tulivu. Na hii saa ina kelele. Gusa hicho kitufe cha katikati."

Mbinya aligusa. *Tak!* Mtu aliyekuwa kwenye ngazi angesikia. *Tak!* akaisimamisha tena.

"Baada ya refa kuisimamisha, ulisikia mlio huo?"

"Zii, sikusikia. Tulisimama kuizunguka meza, tukaombea chakula, tukashuka kunawa. Mwenye aliomba ni Mzee. Na aliomba! Serikali, wagonjwa, wasafiri, mpaka watu wako melini. Choma ikapoa. Hata aliniachia mkono, nikajua ameinua juu vile huwa anafanya."

Wa pili alikuwa Cindy, msichana wa Ruiru aliyetolewa na Wakonyo kwenye nusu fainali. Alikasirika kabla ya kuulizwa.

"Najua mnanishuku. Ati nina wivu. Ninao, sawa, lakini mikono yangu ilikuwa imeshikwa, mmoja na Austine, mwingine na refa. Tuliachana wakati wa makofi tu."

"Makofi gani?"

"Mzee alisema tufumbe macho, tumpigie Bwana makofi, ndio tukashikana tukaomba. Akimaliza, akasema tena, macho yakiwa bado yamefumbwa, makofi."

"Huwa mnapiga makofi kabla ya kuombea chakula?"

Cindy alifikiri. "Haiya. Hapana. Leo ilikuwa mara ya kwanza."

Mbinya alikuwa amewahi kuona wizi wa ng'ombe, wa nyaya za umeme, hata wa lango la kanisa. Wizi wa namna hii hakuwa amewahi kuufikiria.

Shahidi wa tatu hakuwa mchezaji. Alikuwa Aoko, mpishi wa chini, ambaye Mbinya alimwita kwa sababu ndiye aliyepandisha sinia ya nyama saa saba.

"Wakati wa maombi ulikuwa wapi, Mama?"

"Hapo mlangoni. Sikutaka kukatiza watu wa Mungu."

"Ulifumba macho?"

"Na sinia ya moto mkononi? Ningemwagia nani?" Aoko alicheka. "Nilisimama nikiangalia tu, mkono ukinichoma."

"Mkono wa aliyeomba ulikuwa wapi?"

"Mmoja ameshika huyu msichana wa macho mekundu. Ule mwingine ameweka juu ya hiyo kisanduku ya saa. Nikajua anaombea mashine. Siku hizi watu wanaombea hata gari."

Saa tisa na dakika mbili. Mbinya aligeuka polepole.

"Mzee Kiama. Mkono uliinua juu?"

"Niliinua."

"Makofi ya kwanza yalifunika *tak* ya kuwasha. Ya pili, *tak* ya kuzima. Katikati, kila jicho limefumbwa, na wewe peke yako ndiwe mwenye kuamua Amina itakuja lini. Uliomba dakika tisa, Mzee. Karatasi ya mtoto huyu na saa hii zinapishana dakika tisa."

Kiama aliketi. Sauti yake ya upole ilikuwa imeisha.

"Nilitaka tatu tu," alisema. "Halafu maombi yakashika. Nilifika kwa wagonjwa nikamkumbuka mama yangu, nikashindwa kukata."

Hakuna aliyecheka.

"Kwa nini?" Wakonyo aliuliza.

"Miaka kumi na miwili nimecheza huu mchezo. Mipango yote iko kichwani, mizuri, na kila mara saa inaniishia kabla sijaimaliza. Nikakufunza wewe kila kitu ila hicho, kwa sababu sikuwa nacho. Ukakipata peke yako, huko Mwihoko. Niliona aibu, Wakonyo. Na mimi pia nilitaka kuona Kampala."

Jeconia alichukua kalamu. "Amekiri mwenyewe. Naandika jina lako, Wakonyo."

"Bado," alisema. "Mnirudishie dakika zangu tisa. Kama ni kushinda, nishinde hapo mezani."

Austine aliiweka saa. Askari walikuwa bado pale pale walipoachwa. Jeconia alisema anza, na Mbinya akaona kitu ambacho angekisimulia Ngoingwa kwa wiki nzima. Msichana hakukimbia. Wanawake wa ploti walisogea mmoja mmoja kuelekea darajani, kila mmoja kwa mguso mmoja, dadu zikirushwa na kuokotwa kwa mkono ule ule. Mwenye mwanya alipofika ng'ambo, Wakonyo alibonyeza saa. Zilibaki dakika mbili na sekunde kumi.

Sasa zilikuwa za Kiama. Alikuwa na nne, nyingi kuliko alizowahi kubaki nazo katika raundi ya mwisho ya mchezo wowote. Aliitazama meza yote, kilima kwa kilima. Kisha akanyoosha mkono, akaisimamisha saa mbele ya macho ya kila mtu.

"Umenishinda," alisema.