Samaki wa Mpiga Pasi

Mtaani walimwita Mpiga Pasi, kwa sababu ndiyo kazi yake. Kutwa nzima husimama nyuma ya meza ndefu, katika duka la kufulia nguo, akinyoosha mashati ya watu. Mkono wake hautulii. Unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi. Wenzake humtania kwamba hata usingizini huwa anaipiga pasi shuka aliyolalia.

Jioni hurudi kwake, ghorofa ya pili, vyumba viwili na jiko. Alikuwa na mabinti wawili. Mkubwa alikuwa na miaka kumi na mmoja, na nyumba nzima ilimwita Dada. Mdogo alikuwa na miaka mitano. Huyo aliitwa Kifungo, kwa udogo wake, na kwa jinsi alivyopenda kung'ang'ania shati la baba yake.

Mama yao alifariki miezi mitano kabla ya habari hii. Aliugua siku tisa tu.

Tangu hapo chakula cha jioni kilikuwa mkate na chai. Jumatatu mkate na chai. Jumanne chai na mkate. Mwanzoni majirani walileta masufuria ya chakula. Lakini msiba una siku zake, na jirani naye ana watoto wake. Masufuria yakapungua, kisha yakaisha.

Msidhani baba huyu alikuwa mvivu. Ila akiingia jikoni, moyo ulimfa. Kila kitu kilikuwa pale pale mkewe alipokiacha. Basi alichemsha maji, akakata mkate, akatoka.

Siku moja muuguzi wa kliniki alimpima Kifungo, akatazama kadi yake.

"Baba, mtoto amepungua," alisema. "Mkate na chai havimjengi mtu. Mpe mayai, maharage, samaki. Na ale nyumbani, chakula cha moto."

Mpiga Pasi aliitikia kwa kichwa. Alipotoka nje alimpigia simu mama mdogo wa watoto, yaani mdogo wa marehemu mkewe.

"Shemeji, nimeshindwa," alisema. "Njoo uwachukue. Kwangu watakwisha."

Shemeji hakumlaumu. Alisema tu, "Nitakuja Jumamosi."

Watoto wakaambiwa. Kifungo aliuliza kama baba naye atakwenda. Dada alianza kukunja nguo.

Ikawa Jumatano. Mpiga Pasi alikuwa akitoka kazini, na wazo moja lilimkaa kichwani: wanangu watatoka nyumbani kwangu wakikumbuka mkate tu. Akaingia duka la samaki. Kifungo aliwahi kukwamwa na mwiba, na tangu siku hiyo hakula tena samaki; Mpiga Pasi akamweleza muuzaji hivyo. Muuzaji akamwonyesha vipande vya mnofu wa samoni, vyenye rangi kama ya chungwa, ngozi upande mmoja.

"Huyu miba yake michache, na anaiva upesi," muuzaji alisema.

Akanunua vitatu, vimeganda kama mawe. Alipofika nyumbani aliviweka kwenye maji ya moto ili viyeyuke haraka. Akavitoa vikichuruzika maji, akavitia kwenye kikaango cha baridi, akamimina mafuta, akawasha gesi.

Mafuta yakaanza kuruka. Mpiga Pasi aliogopa samaki asiungue. Akamsukuma mbele. Akamrudisha nyuma. Akamgeuza, akamgeuza tena. Ngozi ilishika chini, mnofu ukabaki kwenye mwiko. Aliposhtuka, kikaango kilikuwa na makombo. Mengine meusi, mengine mabichi ndani.

Hata hivyo aliyapakua. Kifungo alitia tonge mdomoni, akahisi kitu kigumu, akalitema na kulia. Ulikuwa mwiba, mwembamba kama uzi.

Dada aliinuka. Alikusanya sahani zote tatu, akamwaga samaki kwenye pipa la taka, akatoa mkate kabatini.

"Baba, usijisumbue," alisema taratibu. "Zimebaki siku tatu."

Mpiga Pasi alichukua kikaango, akatoka nacho mpaka kwenye ngazi. Alikaa akakikwangua kwa kijiko. Akakwangua, akakwangua, mpaka hakuona tena anachokikwangua, kwa kuwa macho yalijaa.

Mlango wa jirani ukafunguka. Alikuwa Bi Magamba, mama mtu mzima aliyekuwa akiparua na kukata samaki katika duka lile lile kwa miaka ishirini. Mwenyewe husema magamba humfuata mpaka kitandani.

"Shikamoo mama," alisema Mpiga Pasi, akijifuta uso kwa mkono.

"Marahaba mwanangu. Nimesikia moshi nikasema tunaungua. Kumbe tunapika." Alichungulia kikaango. "Huyu alikuwa samoni?"

"Alikuwa."

"Nilimkata mimi mwenyewe kabla hajagandishwa, amenyooka. Umemkosea nini?"

Mpiga Pasi hakucheka. Bi Magamba akaketi ngazi ya juu yake, magoti yakilia.

"Kitendawili," alisema.

"Mama, leo sina moyo wa vitendawili."

"Moyo sijakuuliza. Kitendawili."

"Tega."

"Ukimvuta anakung'ang'ania, ukimwacha anakuachia mwenyewe."

Mpiga Pasi alifikiri. "Mtoto," alisema.

"Siye."

"Basi sijui."

"Nipe mji."

"Sina mji wa kukupa, mama. Hata vyumba viwili nilivyonavyo, Jumamosi vinabaki vitupu."

Bi Magamba alikuwa ameshasikia habari hiyo, kwani kuta zao zilikuwa nyembamba. Hakumwambia pole. Pole alikwisha pewa nyingi.

"Mji nitachukua siku nyingine," alisema. "Jibu ni samaki kikaangoni. Kesho nitakuletea vipande vingine. Nitakaa kwenye kiti, mikono nimeikalia. Utapika wewe."

"Kuna faida gani? Wanaondoka."

"Wakiondoka waondoke wameshiba."

Alhamisi asubuhi, Bi Magamba alipitisha vipande vinne vilivyogandishwa mlangoni, vimefungwa vizuri. "Viweke kwenye friji, rafu ya chini, juu ya sahani," aliagiza. "Vitayeyuka polepole. Maji ya moto huharibu mnofu, tena huamsha vijidudu."

Jioni alikuja kama alivyosema. Alivuta kiti, akakaa juu ya mikono yake kama mtoto aliyeadhibiwa. Kifungo akamcheka. Dada alisimama mlangoni, amekunja mikono.

Viazi vilikuwa vikichemka upande mmoja wa jiko, na kabichi ilikuwa imekwisha iva.

"Mikono umenawa?" aliuliza Bi Magamba.

"Nimenawa."

"Sasa pitisha kidole juu ya mnofu. Taratibu, kama unatafuta pini kwenye shati la mteja."

Mpiga Pasi alipitisha kidole. Kikagusa ncha ndogo, kisha nyingine.

"Hiyo ndiyo miba. Inavutwa kwa kibanio, ukifuata inakolalia. Ukiivuta kinyume unapasua mnofu."

"Kibanio sina."

Dada aliondoka mlangoni. Alirudi na kibanio cha nyusi, kilichokuwa cha mama yake. Kikaoshwa kwa sabuni, kikamwagiwa maji ya moto. Mpiga Pasi alivuta miba sita, akaipanga kwenye kisosi. Kifungo alisogea akaihesabu mara mbili.

"Sasa mkaushe," alisema Bi Magamba. "Mkaushe kwa karatasi ya jikoni, huku na huku, mpaka ngozi isiwe na unyevu. Maji ndiyo yanayorusha mafuta, na ndiyo yanayomgandisha chini. Kisha chumvi. Na hicho kibao cha samaki mbichi, na kibanio, vioshe kwa sabuni kabla hujagusa kitu kingine."

Aliosha. Akawasha gesi, moto wa kati. Safari hii kikaango kilitangulia kupata moto. Bi Magamba alimwambia adondoshe tone moja la maji. Tone likakimbia na kutoweka. Kikaango kikapanguswa, ndipo mafuta yakatiwa, vijiko viwili. Yalipoanza kumetameta, Mpiga Pasi alilaza kipande cha kwanza, ngozi chini.

"Kilaze kuelekea mbele, mbali nawe, mafuta yasikurukie. Vizuri. Kikandamize kidogo kwa mwiko, hesabu mpaka kumi, ngozi isijikunje. Sasa acha."

Mkono ukaanza kwenda.

"Acha, nimesema."

"Ataungua, mama."

"Hebu niambie. Pasi ikilala juu ya shati, inakuwaje?"

"Shati linaungua."

"Basi mkono wako umezoea hivyo. Jana ndio uliovunja samaki, si wewe. Huyu si shati. Ngozi yake ikikauka itaachia yenyewe. Weka mikono nyuma."

Mpiga Pasi aliweka mikono nyuma. Ilikuwa kazi ngumu kuliko mashati mia. Mafuta yalichacharika. Alitamani kugusa. Katika miezi mitano kila alichokiacha kilikuwa kimeharibika, na kila alichokigusa pia.

"Mtazame ubavuni," alisema Bi Magamba. "Rangi inapanda. Chini ameshapauka, juu bado mbichi. Ikipanda zaidi ya nusu, ndipo unageuza. Mara moja tu."

Dada alikuwa amesogea. Aliitazama saa ya ukutani. "Dakika nne," alisema.

Mpiga Pasi alipitisha mwiko chini ya samaki. Alijiandaa kusikia ngozi ikichanika. Samaki alinyanyuka mzima, ngozi yake ya dhahabu, imekakamaa kama kola iliyotiwa wanga.

Upande wa pili haukumaliza dakika mbili. Bi Magamba akamwambia atenganishe mnofu kwa uma, pale penye unene. "Ukiachana vipande vipande, na katikati hapang'ai tena, ameiva. Kwa watoto usikisie, tazama. Akibaki kung'aa, mwongeze dakika. Lakini usimsahau, atakauka kama ubao."

Alipotoa kipande cha mwisho, Bi Magamba alisimama.

"Cha nne ni chako, mama," alisema Mpiga Pasi.

"Mimi nashinda na samaki tangu alfajiri. Nikimwona mezani tena nitamwamkia." Akatoka zake.

Wakakaa watatu. Dada alikamua limau. Kifungo alipitisha kidole juu ya samaki wake, kama alivyoona. Akapitisha tena. Kisha akala. Alikula mpaka ngozi, akaomba na ya baba yake.

Dada alikula nusu, akaweka uma chini.

"Mama hakuwa akipika hivi," alisema.

"Najua."

"Wa kwake alikuwa mtamu zaidi."

"Najua, mwanangu."

Dada akaanza kulia. Hakuwa amelia mbele yao tangu mazishi. Mpiga Pasi alitaka kuinuka, kumshika, kumpangusa. Mikono yake ilibaki pembeni ya sahani. Alimwacha alie. Alipomaliza, Dada alivuta kiti chake mpaka kwa baba yake, akakaa pale, akaendelea kula.

"Baba," alisema Kifungo mdomo umejaa, "kesho utapika nini?"

Mpiga Pasi aligeuka kutazama kabati. Kwa miezi mitano hakuna aliyemuuliza habari za kesho.

"Mayai," alijibu. "Nadhani nitaweza mayai."

Jumamosi shemeji alifika mchana. Alikuta meza imepangwa, na kikaango kiko motoni. Mpiga Pasi alikuwa amesimama mbele ya jiko, mikono nyuma. Shemeji alikula, macho yake yakihama kutoka uso wa mtoto mmoja hadi mwingine.

"Nimeshawatandikia kitanda kule," alisema alipomaliza.

"Najua, shemeji. Nisamehe. Mimi ndiye niliyekuita, na mimi ndiye ninayekuomba uniachie watoto. Naweza kushindwa tena."

Shemeji aliitazama sahani yake. Aliwataka sana watoto wale. Walikuwa na macho ya dada yake.

"Kitanda si mtu," alisema. "Hakitasononeka. Watakilalia likizo."

Akaondoka peke yake jioni ile.

Baada ya wiki sita, muuguzi alimpima Kifungo, akaandika kwenye kadi, akatabasamu. Pale nyumbani sasa samaki huliwa mara moja kwa wiki. Siku nyingine ni mayai, au maharage yaliyolowekwa tangu usiku. Mkate na chai vimerudi asubuhi, mahali pake.

Huzuni haijatoka. Zipo jioni ambazo Mpiga Pasi husimama mlangoni mwa jiko asiweze kuingia. Siku hizo Dada humpita, akawasha gesi.

"Baba, kwanza weka kikaango," humwambia. "Utalia kikipata moto."