Alibatizwa, au Alimwagiwa Maji Tu?

"Ulimmwagia maji tu, Fundi. Hukumbatiza."

Alto alisema hivyo akiwa ndani ya geti la mama yake, mkono mmoja kwenye komeo, mwingine umeshika tumbo pale kwenye mshono. Bado alitembea ameinama kidogo, kama mtu anayetafuta kitu sakafuni. Nje ya geti alisimama mwanamume wake, fundi makochi, nguo zimejaa vumbi la sponji, mkononi mfuko wa machungwa ambao hakuna aliyeupokea.

"Nilimbatiza mwanetu, Alto."

"Wewe uliyetengwa?"

"Tumetengwa wote."

"Basi ndiyo hivyo. Ungemwachia hata nesi."

"Nesi alikuwa amekimbia kumwita daktari. Nilikuwa peke yangu naye."

Alitaka kuendelea, ila Alto alikuwa ameshageuka. Komeo likalia. Fundi akabaki anaongea na bati.

Hilo jina la Alto alipewa na kwaya kwa ajili ya sauti yake, ile ya chini ya wanawake, na mtaa mzima ukalichukua. Fundi alianza kumpenda siku alipoitwa kanisani kurekebisha kochi la ofisi ya mchungaji. Kwaya ilikuwa inafanya mazoezi upande wa pili wa ukuta, na kazi ya asubuhi moja ikamchukua siku tatu. Walipendana, wakatangaza uchumba, na kabla ya ndoa mimba ikaingia. Sharika nyingi za Kilutheri zina utaratibu wake kwa jambo kama hilo. Waliitwa na wazee wa kanisa, wakasimamishwa Meza ya Bwana, Alto akavuliwa joho la kwaya. Kuanzia hapo walikaa benchi la nyuma kabisa, ambalo vijana waliliita karantini. Wenzao wakienda madhabahuni kupokea mkate na divai, wao walitazama visigino vya watu.

Wakapangiwa Jumapili ya kurudi kundini, yaani kusimama mbele ya usharika, kutubu na kupokelewa tena. Harusi ingefuata Jumamosi ya baada yake.

Mtoto hakungoja. Alikuja kabla ya wakati, kwa upasuaji. Alto akiwa bado kwenye usingizi wa dawa, nesi alimwambia Fundi kwamba kama ana la kufanya, alifanye sasa. Simu ya mchungaji haikupatikana. Alikuwa kwenye mkutano wa dayosisi. Fundi akachukua chupa yake ya maji. Mtoto alizikwa kesho yake, mwinjilisti akiongoza sala, Alto bado yuko wodini. Hakuwahi kumwona mwanawe akiwa hai.

Alipotoka hospitali alikwenda kwa mama yake. Mama mtu ni muumini wa siku nyingi, mkali wa mambo ya dini, na alikuwa na uchungu wa mjukuu. Siku moja akiwa anapepeta mchele akasema mtu aliyenyimwa kikombe hawezi kuwa na mkono wa kubatiza. Akaendelea kupepeta. Alto hakulala tena.

Jioni ile ya machungwa, Fundi alipata ujumbe kwenye simu:

"Jumapili usinisubiri. Sirudi kundini na wewe. Na harusi hakuna. Waambie watu wako."

Alipiga, ikakatwa. Alipiga tena, ikazimwa. Akaandika, "Alto nakuomba," akafuta. Akaandika, "Mke wangu," akafuta pia, maana hakuwa bado.

Asubuhi akaenda ofisini kwa mchungaji. Mchungaji alikuwa mama wa makamo, mwembamba, asiye na subira na watu wanaozungusha maneno. Alimkalisha kwenye lile kochi, akamsikiliza mpaka mwisho, akauliza kwa nini anayasikia haya leo na si siku aliyorudi safari. Fundi akasema aliogopa kuambiwa ni batili.

"Haya. Mtu akibatiza kwa dharura, sisi tuna maswali," mchungaji akasema. "Nani alimbatiza?"

"Mimi."

"Kwa kitu gani?"

"Maji ya chupa. Nilikuwa nimeshayanywa nusu."

"Maji ni maji. Kwa maneno gani?"

Fundi akaanza kuchokonoa uzi kwenye mkono wa kochi, uzi alioushona yeye mwenyewe.

"Fundi. Kwa maneno gani?"

"Nilimwita jina alilochagua mama yake. Nikasema nakubatiza kwa jina la Baba. Nikamwagia. Mdomo ukanikauka, Mchungaji. Nikasema la Mwana. Kifua chake kilikuwa kinapanda kwa shida, halafu sikukiona tena kikipanda. Nilimaliza maneno. Nayajua, niliyasoma kipaimara. Ila sijui kama alikuwepo nilipomaliza."

Nje mtu alikuwa anafagia uwanja wa kanisa.

"Alto anajua hilo?"

"Nilimwambia nilimaliza kwanza, ndipo mtoto akalala."

"Ulimdanganya."

"Sio uongo kabisa."

"Hiyo ndiyo aina mbaya zaidi."

Fundi akateremka kwenye kochi, akapiga magoti sakafuni, mtu mzima na ndevu zake. Akamwomba mchungaji aende tu akamwambie Alto kwamba ubatizo ni halali. Atamwamini. Hilo lingine waliache lilipo, limfie yeye kifuani.

"Inuka," mchungaji akasema. "La kutengwa nitamweleza mwenyewe, yeye na mama yake, hata kwa kipaza sauti. Kutengwa ni adabu ya kanisa, si kunyang'anywa Mungu. Na ubatizo hauchukui nguvu kwenye mkono wa anayebatiza. Ungekuwa hivyo, hata niliowabatiza mimi wangekuwa mashakani. Lakini hilo lingine ni lako."

"Atanichukia."

"Inawezekana."

"Na mtoto wangu, Mchungaji?"

Mchungaji alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akakawia kuirudisha.

"Ulimpeleka kwa Mungu ukiwa na ulichokuwa nacho. Ahadi ni ya Mungu, si mbio za kushindana na pumzi. Unadhani alikuwa amesimama pale anasubiri umalize sentensi ndipo ampokee?"

Walikwenda pamoja siku hiyohiyo. Mama mkwe alifungua geti, akamtazama Fundi juu mpaka chini.

"Umeleta machungwa mengine?"

"Hapana, mama."

"Afadhali. Yale ya jana yalikuwa makali."

Kumbe aliyachukua pale nje Fundi alipoyaacha. Mchungaji akamwomba wakaongee jikoni. Kutokea huko zilisikika sauti, ya mama ikipanda, kwamba si ninyi wenyewe mliomsimamisha, mnasimamishaje mtu halafu mnasema mkono wake ni mzuri? Ya mchungaji haikupanda. Ilirudia jambo moja kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, kwamba mkono haukuulizwa.

Alto alikuwa sebuleni, amefunikwa khanga. Fundi hakukaa. Alimwambia yote akiwa wima: jina, la Baba, la Mwana, kifua. Alipofika mwisho akasema, "Sijui. Nilikwambia najua, nami sijui."

Alto hakulia. Aliuliza kitu ambacho Fundi hakukitegemea.

"Alikuwa na nywele?"

"Nyingi. Zililala zote zilipolowa."

"Alifumbua macho?"

"Jicho moja. La kushoto. Kidogo, kama ananikonyeza."

"Aliyaogopa maji?"

"Hapana. Alitulia."

Alto akaivuta khanga mpaka mdomoni. Akamwambia bila kumtazama, "Siku zote hizi nalala na swali hilo peke yangu. Kumbe ulikuwa nalo na wewe. Ukaniachia peke yangu."

"Nilitaka upate usingizi."

"Umeniona nikipata?"

Fundi akapiga hatua moja kumsogelea.

"Ondoka, Fundi. Sikufukuzi. Nataka tu uondoke."

Jumapili Fundi alikaa karantini mwenyewe. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi upande mmoja. Liturujia ikaenda, mahubiri yakaenda, hakusikia kitu. Mchungaji aliposhuka madhabahuni na kuwaita wanaorudi kundini, watu waligeuka kumtazama, wakamwona mmoja badala ya wawili, na minong'ono ikaanza kukimbia benchi kwa benchi.

Akainuka. Njia ya katikati ilikuwa ndefu kuliko siku zote. Alifika mbele, akapiga magoti peke yake, akainamisha kichwa. Mchungaji alifungua kinywa kuanza. Kisha akakifunga, akatazama mlangoni.

Alto alikuwa anakuja polepole, ameinama, ameshikwa kwapa na mama yake. Mama mtu alimtazama kila aliyenong'ona, mmoja mmoja, mpaka kanisa likanyamaza. Walipofika mbele akamwachia mwanawe, akarudi nyuma hatua moja. Hakwenda kukaa.

"Siwezi kupiga magoti, Mchungaji," Alto akasema. "Mshono."

"Simama tu."

Fundi akasikia, akanyanyuka, akajipangusa magoti, akasimama naye. Mchungaji akawauliza kama wanatubu. Fundi alitikisa kichwa kukubali. Alto akajibu kwa ajili ya wote wawili, kwa ile sauti yake ya chini, na kule kwenye kwaya mtu akavuta kamasi. Mikono ya mchungaji ikatua juu ya vichwa vyao. Wakaambiwa wamesamehewa. Siku hiyo hawakutazama visigino vya mtu. Mkate ulikuwa mwembamba kama karatasi, na kikombe kilipofika kwa Alto mchungaji akamshikia.

Baada ya ibada walisimama nyuma ya kanisa, kwenye kivuli cha ukuta, mbali na salamu za watu. Mama mkwe aliwalinda kwa mbali, akimwambia kila anayesogea kwamba hawa wamechoka, waacheni.

"Kuhusu Jumamosi," Alto akasema.

Fundi akaegemea ukuta.

"Gauni halinitoshi. Linabana huku kifuani. Maziwa hayajakauka, Fundi. Kila alfajiri yanakuja, na hakuna wa kunyonya."

Fundi hakujua aweke wapi mikono yake. "Nitalipanua," akasema.

"Wewe ni fundi makochi."

"Sindano ninayo."

Alto akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kikamshtua mwenyewe, akashika mshono. Kisha kikageuka, akaanza kulia kilio ambacho hakuwa amekilia tangu hospitali, kikubwa, cha tumboni, uso wake kwenye shati lile lililopigwa pasi upande mmoja. Fundi hakumwambia anyamaze. Alikuwa analia na yeye.