Miaka Kumi Darasani

"Huyo hatakuoa," Mzee Waitara alimwambia binti yake Robi, akitia ugoro puani. "Miaka kumi yuko shule. Hata maksai mzito hujifunza kulima kwa msimu mmoja."

Robi aliendelea kupepeta ulezi.

"Baba, Athanas alisoma uchumi, akamaliza. Akasoma sheria, akamaliza. Sasa anafundisha hukohuko Dar es Salaam."

"Uchumi ulimshinda, wakamhamishia sheria. Mbona likizo iliyopita alishinda na madaftari?"

"Alikuwa anasahihisha."

"Anayesahihisha ni aliyekosea."

Robi alichomoa karatasi ya simu ya maandishi kutoka posta kwenye pindo la khanga, akamsomea:

"NAFIKA JUMAMOSI NA WAZEE. NG'OMBE WAPO. ATHANAS."

"Aje. Nitamwita hakimu mpya wa Tarime, naye katoka chuo hichohicho. Tujue karudia darasa mara ngapi. Ikiwa hata mara moja, ng'ombe wanarudi kwao Itiryo, na wewe unaolewa na Marwa wa duka la ushirika."

"Mwite. Ila hakimu akishasema, baba, usibadilike."

"Mimi ni Waitara. Sibadiliki."

Jumamosi ng'ombe walisimama nje ya ua wakicheua. Athanas, ndani ya suti ya Kaunda, alikalishwa kwenye kigoda. Robi alisimama mlangoni mwa jiko.

Hakimu Ogola aliingia na sigara mdomoni. Mzee Waitara akamsogezea kiti.

"Hakimu, muulize huyu kijana..."

Hakimu hakukaa. Aliificha sigara nyuma ya mgongo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Ogola," Athanas akajibu. "Bado unavuta?"

Mzee Waitara akawatazama mmoja mmoja.

"Hakimu, unamwamkia huyu?"

"Alinifundisha sheria ya ardhi, mzee. Mtihani wake niliurudia mara mbili."

"Kumbe aliyerudia ni wewe?"

"Ni mimi."

Wazee wakacheka. Mzee Waitara hakucheka.

"Sasa yeye miaka yote hiyo darasani..."

"Baba," Robi akasema, "wewe tangu ujana unashinda zizini na ndama. Nani amekuita ndama?"

Mama yake alicheka mpaka togwa ikamwagika.

Mzee Waitara akainuka, akachukua fimbo yake.

"Fungueni zizi, ng'ombe waingie. Mwalimu, kaa kwenye kiti. Hakimu, shika kigoda."

Harusi ilifungwa baada ya mavuno, kanisani Nyamwaga. Mzee Waitara alimshika mkono kila mgeni.

"Mkwe wangu ana miaka kumi darasani," alisema. "Wa kwako ana mingapi?"