Mkweche Anawashwa

Huko Muheza, ambako hata mbuzi hunukia machungwa, paliishi mtoto aitwaye Chiku na gari aitwaye Mkweche.

Mkweche alikuwa pikapu mzee wa baba yake Chiku. Alikuwa na kutu mlangoni, kutu puani, kutu hadi makalioni.

Na kutu inawasha, jamani!

"Kwaru, kwaru, kwaru! Nawashwa miye! Nani atanikuna?"

Nyuma, sakafuni, kutu ilikuwa imetoboa tundu. Kila wakienda sokoni, machungwa yalidondoka. Pu! Pu! Pu! Mbuzi walifuata nyuma, wakishukuru.

Jumatatu akadondoka bata. Jumanne akadondoka Bibi, pamoja na kigoda chake. Pu!

"Nendeni tu, nitawakuta," alisema Bibi. Na kweli akawakuta. Akawapita.

Baba akakasirika. "Basi! Jumamosi Mkweche anakwenda kwa watu wa chuma chakavu. Watamkatakata."

Chiku akalia. Alimpenda Mkweche kuliko wali wa nazi.

Akachukua ndoo, akamwogesha Mkweche kwa sabuni na dodoki. Chubwi, chubwi! Kisha akamwacha hivyo hivyo, anachuruzika maji, akakimbia kucheza.

Asubuhi Mkweche akapiga chafya. "Aaa-chyaa!" Mlango ukadondoka.

"Kwaru, kwaru, kwaru! Nawashwa miye! Nani atanikuna?"

Bibi akamtazama Chiku. Magoti ya Chiku yalikuwa yamepauka, meupe pee.

"Mjukuu wangu, umemwogesha, hukumfuta?"

"Sikumfuta, Bibi."

"Wala mafuta hukumpaka?"

"Wala."

"Kama wewe mwenyewe, unavyokimbia mafuta kila ukioga!"

Chiku akaficha magoti.

Wakaanza upya. Bibi na Chiku wakakwangua kutu kwa msasa. Kwaru, kwaru, kwaru! Mkweche akacheka mpaka honi ikalia.

"Hapo hapo! Chini kidogo! Aaah!"

Fundi Nguzo akachomelea bati kwenye tundu, akaurudisha mlango. Chaaa!

Wakamfuta Mkweche, wakamkausha juani. Wakampaka rangi ya kuzuia kutu. Juu yake wakapaka rangi ya waridi, iliyobaki choo cha shule kilipopakwa. Mwisho mafuta, mpaka chini ya tumbo.

"Na nyuma ya masikio!" alisema Mkweche.

"Huna masikio."

"Na hivi vioo vya pembeni je?"

Chiku akapaka.

Jumamosi wakapakia machungwa, bata na Bibi. Baba akapita juu ya matuta yote ya Muheza.

Machungwa? Hayakudondoka. Bata? Hakudondoka. Bibi? Hakudondoka, ingawa alijaribu.

"Mkweche haendi popote!" alisema Baba. Chiku akaruka kwa furaha. Mbuzi tu ndio walionuna.

Jioni Chiku akaoga, akakimbilia kitandani.

Taa mbili zikachungulia dirishani. "Chiku, umepaka mafuta?"

"Nimepaka!"

"Hata nyuma ya masikio?"

Chiku akashuka kitandani, akachukua kopo la mafuta, akapaka.

Wote wawili wakalala wakimetameta. Hakuna aliyejikuna.