Sauti Iliyokataa Hospitali

Fundi cherehani alinusa kitambaa kinachoungua. Akaigusa pasi, ilikuwa ya baridi. Harufu ilitoka chumbani, alikolala mkewe.

Mke alikuwa na uvimbe kwenye ini. Juma lililopita daktari alimpitisha sindano ndefu ubavuni, akaiunguza ile nyama mbaya kwa joto la ncha yake. Kazi ilikwenda salama. Alipowaruhusu alisema, "Homa ndogo isiwatishe. Ila ikipanda na kutetemesha, rudini upesi. Palipoungua panaweza kutunga usaha."

"Umesikia, Fundi?" mke alitania. "Nimeshapigwa pasi. Usinikunje tena."

Sasa homa ilikuwa imepanda, meno yanagongana. Fundi akaokota viatu vyake ampeleke.

"Usinipeleke, mume wangu. Niache nipumzike."

Sauti ilikuwa ya mkewe, lakini midomo ilichelewa kuifuata.

Mama mkwe akamwita shehe anayewasomea wagonjwa. Shehe alisoma, akaweka kiganja ubavuni, akakiondoa kama aliyegusa jiko. Akamvuta Fundi mlangoni.

"Jini yumo," alinong'ona. "Daktari aliunguza uvimbe, yeye hakuungua. Kiumbe cha moto utamchomaje? Lakini homa hii si yake, mwanangu. Ni ya kidonda. Mpeleke hospitali, nami nitasoma njiani."

"Mwenyewe anakataa, shehe."

"Anayekataa ni nani?"

Shehe akatoka kutafuta gari. Fundi akarudi kitandani, na ile sauti ikaanza kumbembeleza taratibu, ikamkumbusha mambo waliyoyajua wawili tu, jinsi Fundi alivyojidunga sindano akishona gauni la harusi la mkewe na mke akamfunga kidole kwa uzi mwekundu, ikalia kwamba imechoka na vitanda vya chuma, imechoka kufunuliwa mbele ya wageni, na harufu ya kuungua ikazidi hadi machozi yakamtoka, naye hakujua tena kama analia kwa moshi au kwa huruma.

Gari lilipopiga honi, Fundi alikuwa ameufunga mlango kwa ndani.

Walipouvunja, mke alikuwa hasemi tena. Hospitalini daktari aliupapasa ubavu, akainamisha kichwa. Usaha ulikuwa umeingia kwenye damu. "Mngeniletea mapema," alisema polepole, "ningeutoa kwa mrija mdogo tu." Mke akafariki kabla ya magharibi. Innalillahi.

Waombolezaji walitawanyika. Mchana mmoja, nyumba kimya, Fundi alikuwa akikata suruali ya mteja aliposikia sauti chumbani.

"Nina kiu."

Alikwenda. Godoro lilikuwa tupu, shuka imetandikwa. Alijua aliyemwita ni nani, na alijua maiti haombi maji. Akasoma kila aya aliyojaliwa kuihifadhi, na sauti ikamngoja kwa adabu mpaka akamaliza.

"Nina kiu, mume wangu."

Fundi akaenda jikoni, akajaza glasi.